Wateja Wote Wako Mlimani

Mtu akinitajia ramani ya kompyuta, damu hunichemka kabla hajamaliza sentensi. Najua ni chombo kizuri. Nimeelezwa hivyo na watu waliokaa kwenye viti vyenye mito, wameshika vikombe vya chai, na sikuwabishia. Kisu nacho ni chombo kizuri. Ninachosema ni kwamba ramani ile iliingia maishani mwangu mara mbili, mara ya kwanza bila kualikwa, mara ya pili nikiwa nimeialika mwenyewe, na sijaisamehe kwa zote mbili.

Duka langu liko bondeni, upande wa Kibondo. Unaiacha barabara ya lami, unafuata njia ya udongo mwekundu mpaka unaanza kujiuliza kama umepotea. Hujapotea. Ukivuka daraja la magogo utaona migomba na nyumba, halafu hutaona nyumba kwa muda mrefu, halafu utaona nyingine. Sisi Waha wa kule hatupendi kubanana. Kila mtu anataka mihogo yake, migomba yake, na nafasi ya kutosha ili asisikie jirani anagombana na nani. Hata vijiduka vya bonde letu vimekaa hivyo hivyo, kimoja huku, kingine ng'ambo ya mto, kingine kule mwisho ambako mbwa hubweka ukifika kwa sababu hawajazoea wageni.

Mimi nilikuwa wakala. Kila Alhamisi lori la tajiri lilishuka kutoka Kibondo likanishushia chumvi, sukari, mafuta ya kula, sabuni za mche, viberiti na betri, na wenye vijiduka wa bonde zima walikuja kuchukua kwangu. Tajiri mwenyewe anakaa Kasulu, mtu wa asili ya pwani ambaye baba yake alikuja huku kuuza vitambaa akasahau kurudi. Ana ghala Kasulu na jingine Kibondo. Sikuwa na shida naye. Lori likija, nilikuwa mfanyabiashara; lisipokuja, nilikuwa mwanamke mwenye mizani na rafu tupu. Kwa lori lile niliwasomesha watoto baada ya baba yao kuamua kwamba ndoa inamchosha.

Baba yao hakwenda mbali, na hilo ndilo nililomchukia zaidi. Angekwenda Kigoma, au Mpanda, au kokote wanakokwenda wanaume waliochoka, ningemsahau. Yeye alipanda mlimani. Mlima ulioko juu ya bonde letu ndio mahali pekee ambapo simu inashika mtandao. Bondeni simu ni saa na tochi tu. Ukitaka kuongea na mtoto aliye shule, ukitaka kujua bei ya maharage Kakonko, unapanda kwa jasho mpaka kileleni. Mtalaka wangu akajenga kibanda cha bati hapo, akaweka sola, akawa anawachajia watu simu. Yeye alikaa kivulini, watu wakamfuata wenyewe. Sijawahi kuona mtu anayejua kukaa kama yule.

Siku moja dereva wa lori alikuja na agizo. Tajiri amepata mkwe, mume wa binti yake, kijana aliyesomea mambo ya ramani Dar es Salaam, na mkwe huyo anataka kila mteja atume lokesheni ya duka lake kwa simu.

"Unasimama mlangoni pa duka lako, unabonyeza, unatuma," dereva alisema. "Ni rahisi."

Mlangoni pa duka, kwa mtandao upi? Hakuna aliyemuuliza. Huku kwetu agizo la mkubwa likifika, mjumbe wake hujibiwa "ego", ndiyo, na kupewa maji ya kunywa. Akishaondoka, kila mtu anatafuta mwenyewe namna ya kulitimiza. Kumwambia mjumbe kwamba agizo alilobeba haliwezekani ni kumkosea adabu, na pengine ni kumkosea adabu aliyemtuma. Basi tukamwitikia dereva, tukamshukuru, naye akageuza lori akaenda zake akiamini tumeelewana.

Kesho yake bonde zima lilipanda mlimani.

Nakumbuka ule msururu vizuri kwa sababu nilikuwa ndani yake, nikihema. Wenye simu za kubonyeza waliazima simu za kisasa za wenzao. Kule juu mtalaka wangu alikuwa amefagia mbele ya kibanda, ameweka na benchi, anawaelekeza watu sehemu ya kugusa kwenye kioo. Mwanamke mmoja anayeuza migebuka, samaki wa Tanganyika, na chumvi ng'ambo ya mto aliuliza swali ambalo sote tulipaswa kuliuliza.

"Sasa hiki kitajuaje kama mimi ninatoka ng'ambo ile?"

"Namba yako si wanayo?" mtalaka wangu akamjibu. "Kompyuta itakutafuta yenyewe."

Tukaridhika. Mtu aliyeshindwa kutunza nyumba alitufundisha kompyuta, na tukaridhika. Zamu yangu ilipofika akanyoosha mkono.

"Mama watoto, lete nikubonyezee."

"Nina vidole," nikamwambia.

Nikaupa mgongo ukuta wake ili nisimwone, nikabonyeza, nikatuma. Nilishuka nimeridhika kwamba sikumpa hata shukrani.

Alhamisi iliyofuata lori halikushuka. Nilipanga rafu, nikafagia, nikakaa mlangoni hadi jua likaanza kuinama, na wenye vijiduka waliokuja kuchukua mali wakakaa nami kwenye mifuko mitupu. Halafu tukasikia muungurumo, lakini ulitoka juu. Kuna njia ngumu, kavu, inayotoka kwenye lami na kufuata mgongo wa kilima mpaka kileleni. Wakata mbao ndio walioichonga. Lori lilikuwa linapanda huko.

Nilipanda nikiwa nimevaa malapa. Nilimkuta dereva anashusha katoni za sabuni ndani ya kibanda cha mtalaka wangu, na mtalaka wangu anazipokea akiwa amejifunga kitambaa kiunoni kama mtu aliyezaliwa ghalani.

"Unafanya nini?" nilimuuliza dereva.

"Mama, mimi nimepewa karatasi tu," akasema, akitazama pembeni. "Ramani imeonyesha wateja wote wako mlimani. Wakala wa eneo sasa ni huyu."

Nilitazama huku na huku. Kileleni palikuwa na jiwe, kibanda, choo cha bati, mbuzi, na mwanaume aliyeniacha. Nilicheka, halafu nikasikia kicheko changu kinataka kugeuka kitu kingine, nikakikatiza.

"Wewe ulijua," nilimwambia mtalaka wangu.

"Nilijua nini? Mimi nilisaidia watu kubonyeza."

"Ulijua."

"Karibu, mteja," akasema, na akatabasamu.

Neno lile lilinikaa kooni kwa miezi. Wenzangu wa bonde hawakuona shida. Walisema mlimani tunapanda hata hivyo kwa ajili ya simu, sasa tunashuka na sabuni. Walisema bei ni ile ile. Yule wa migebuka aliniambia nipande tu nichukue mzigo, duka liendelee, heshima hailiwi na ugali. Nilimwambia ya kwake ilishaliwa zamani. Tukanuniana. Kwa kweli nilinuna na bonde zima, kwa sababu kila aliyepita mbele ya duka langu na katoni kichwani alikuwa anatoka kwa yule mtu. Mimi mwenyewe nilimtuma mpagazi anichukulie kidogo kidogo, chumvi na viberiti, ili mlango usifungwe. Mtalaka wangu alimpa bila kelele. Aliniongezea na salamu. Salamu nilizirudisha bila kuzipokea.

Mwishowe nikafunga duka, nikaenda Kibondo, nikapanda basi la Kasulu.

Tajiri alinipokea kwa adabu zote za kwao. Watu wa pwani wana tabia ya kukusalimia mpaka hasira ipoe: habari za Kibondo, habari za watoto, habari za mvua, mihogo imekauka? Chai ya tangawizi ikaletwa. Nadhani ni mbinu ya biashara. Mimi yangu haikupoa.

"Mzee, nimekuja kwa habari ya ramani," nikasema.

"Alaa. Basi utaongea na mwenyewe."

Mkwe akatoka chumba cha nyuma. Mwanaume wa miaka thelathini na kidogo, shati limenyooshwa, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Kasulu, kwenye vumbi lile. Nilimchukia kuanzia chini kwenda juu. Akageuza kompyuta yake nikaona, na akaanza kunifundisha bila kuombwa.

"Huu ni mfumo wa taarifa za kijiografia, mama angu. Hii picha imepigwa na setilaiti, kutoka juu kabisa. Kila mteja wetu nimemweka kama nukta. Kila barabara ni mstari. Nikiuliza wakala akae wapi ili gari litumie mafuta kidogo, mfumo unanijibu. Zamani mzee alikuwa anafanya kwa kukisia."

Kwenye kioo niliona kijani tupu, na mto kama uzi, na juu ya kilima duara jekundu limevimba. Bondeni hapakuwa na kitu. Duka langu, nyumba zetu, kanisa, zahanati, vyote vilikuwa kijani.

"Hapa ndipo soko lilipo," akasema, akiligonga duara. "Hii ni senta. Angalia hata mabati yanang'aa."

"Hilo bati ni la choo."

"La nani?"

"La mtalaka wangu. Na hilo jingine ni kibanda chake cha kuchajia simu. Anayekaa hapo ni yeye na mbuzi."

Akanitazama. "Sasa mbona watu wote wametuma lokesheni kutoka pale?"

"Kwa sababu pale ndipo simu inaposhika mtandao. Ulitaka watume kwa nini, kwa filimbi?"

Aliitazama tena ile picha. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, akisema "aisee, aisee," na akamwita mfanyakazi wa kaunta aje asikie. Nilitamani kumchapa na kikombe. Alikuwa anacheka rafu zangu tupu na kina mama waliokaa mlangoni kwangu na mifuko, na alikuwa anacheka kwa raha, kama mtu aliyesimuliwa kisa cha harusi.

Tajiri hakucheka. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye chai.

"Kwa hiyo hatujui wateja wetu wako wapi," akasema.

"Kule tu, baba. Kwingine kote ni freshi."

"Mimi nataka kweli, mwanangu. Nenda ukapime mwenyewe, duka kwa duka. Na njia uzipime pia. Bibi huyu atakuongoza."

Nilirudi Kibondo nimenyoosha shingo. Njia nzima nilikuwa namwona mtalaka wangu anatoa katoni kibandani moja moja, anampakilia dereva, na mimi nimesimama pembeni namwambia karibu, mteja.

Mkwe alikuja mvua zikiwa zimeanza, kwa pikipiki ya kukodi, na viatu vyeupe vilikwisha habari yake kabla ya mchana. Alikuwa na kidude cha mkononi, kidogo kuliko redio. Kwenye duka la kwanza alisimama mlangoni, akakielekeza juu, akangoja, akaniambia tayari.

"Hakuna mtandao hapa," nikamwambia. "Umetumaje?"

"Hiki hakihitaji mtandao, mama. Kinahitaji anga tu. Hata simu yako inaweza kujua ilipo bila mtandao, kutuma ndiko kunakohitaji."

Nilisimama pale kwenye tope nikifikiria ule msururu. Kwa hiyo kila mmoja wetu angeweza kusimama mlangoni pake, akanasa alama yake pale pale, halafu akapanda nayo mlimani kuituma. Ilihitaji mtu mmoja tu aseme hivyo. Huyu alikuwa analijua siku zote na hakusema, kwa sababu hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali simu haishiki.

Tulizunguka bonde zima. Watu walifunga milango. Sisi tuko karibu na mpaka, na anayekuja na kidude akiuliza nyumba yako inaishia wapi huwa ametumwa na watu wa kodi, au anataka kujua babu yako alizaliwa upande gani. Nilitangulia mbele nikipaza sauti kwamba ni mtu wa tajiri, si wa serikali. Wengine walifungua, wengine walimjibu kwa dirishani. Yule wa migebuka alisema atapimwa akimaliza kupika, akapika mpaka tukachoka. Njiani mkwe alipima kila kitu, si maduka tu: umbali wa nyumba na nyumba, miinuko, mahali gari linapozama. Darajani alishuka akapiga picha magogo, akalitikisa moja kwa mguu.

"Lori linapitaje hapa na mzigo?"

"Dereva wenu ni hodari," nikamwambia, na nilisema kwa fahari. "Anashusha nusu, anavuka, anarudi kuchukua nusu nyingine. Hajawahi kutuangusha."

Akatikisa kichwa, akaandika.

Tulipokuwa tunarudi, tulimkuta mtalaka wangu ameshuka kutoka mlimani, amekaa juu ya gogo kando ya njia. Hata kwenye mvua alipata pa kukaa.

"Mama watoto, unatafuta nini na huyu bwana?"

"Natafuta duka langu."

"Duka lako lipo. Mali iko kwangu, bei ni ile ile. Kwani nilikunyima?"

"Sitaki uninyime wala unipe."

Akasimama, akanisogelea, akaongea Kiha ili mgeni asielewe. Aliniambia nimrudishe yule bwana kwao. Aliniambia tajiri akishaona tulivyokaa, mmoja huku mwingine kule, hataleta tena gari. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, kwamba anaogopa kurudi kuchaji simu. Sikuona kitu kingine usoni mwake isipokuwa woga wa kupoteza, na ulinifurahisha sana.

Baada ya hapo niliitwa kwenye ghala la Kibondo. Tajiri alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Kasulu, na mkwe alikuwa amechapisha ramani kwenye karatasi kubwa, ameitandaza juu ya magunia ya sukari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

"Njoo uone, mama angu. Umo."

Nikaona. Bonde letu lilikuwa limejaa nukta. Kila kijiduka kilikuwepo, hadi kile cha mwisho kwenye mbwa. Nyumba yangu ilikuwa upande wake sahihi wa njia, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo, wakala wa zamani. Mlimani alikuwa ameacha nukta moja. Nilitaka kumkumbatia yule mpumbavu.

"Mmeona sasa," nikasema. "Lori lirudi."

Mkwe akamtazama tajiri. Tajiri akanisogezea kiti, na hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi, kwa sababu watu wa pwani wakikusogezea kiti hawana habari njema.

"Bibi, nisikilize. Ile ramani ya kwanza ilinionyesha wateja wengi mahali pamoja, njia kavu, gari linafika linarudi. Ilinilipa. Hii imenionyesha kila mtu peke yake, na njia inazama, na daraja ambalo gari langu linavuka kwa nusu nusu. Kumbe miaka yote hii nilikuwa napoteza na sijui. Dereva alinificha."

"Dereva alitusaidia."

"Alikusaidieni kwa gari langu."

"Basi mlimani," nikasema. "Liendelee kwenda mlimani."

"Mlimani kuna nani?" tajiri akauliza. Aliuliza kweli, kwa upole. "Si wewe uliyekuja Kasulu kuniambia ni mtu mmoja na mbuzi?"

Mkwe akanionyesha mstari mwekundu, njia mpya ya gari. Ulifuata lami kutoka Kibondo kwenda Kakonko, ukapita kwenye njia panda yetu bila kupinda hata kidogo. Hapo njia panda, akasema, gari litasimama kidogo kila Alhamisi, na atakayetaka mali atakuja kuipokea. Mfumo umesema hivyo.

Niliinama juu ya yale magunia, nikaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Rudisha ile ya kwanza," nikamwambia.

"Ipi?"

"Ile ya uongo. Irudishe."

"Siwezi, mama. Ile ilikuwa na makosa. Wewe ndiye ulinionyesha." Na alisema kwa heshima, kama mtu anayenishukuru.

Nikamgeukia tajiri. Nilimwomba. Mimi, ambaye sikumwomba mume abaki, nilimwomba mwenye lori amwachie mtalaka wangu uwakala, apeleke mali mlimani, nitapanda, sote tutapanda, tumezoea kupanda. Tajiri alisema biashara si sadaka, na kama ni sadaka yeye anajua pa kuitoa. Akaniagizia chai. Niliiacha mezani.

Bondeni habari ilinitangulia. Chumvi ilipanda bei, sukari ikawa ya wageni na wagonjwa. Baadhi ya vijiduka vilifungwa, na ng'ambo ya mto watu walianza kutembea hadi jirani na kambi ya Nduta kununua mafuta ya mgawo kwa wakimbizi. Hakuna aliyenitukana. Watu wa kwetu hawatukani. Wanapita mbele ya duka lako wakitazama mihogo. Yule wa migebuka ndiye pekee aliyekuja, akasimama mlangoni na beseni lake.

"Walisema ni wewe uliyekwenda Kasulu."

"Ni mimi."

"Na ulichosema kilikuwa kweli?"

"Kweli tupu."

"Yewe," akasikitika, akipandisha beseni kichwani. "Ungenyamaza, mwenzangu."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye hakuwa na mtu wa kumwita mteja, kwamba mimi nilikuwa na haki, kwamba kosa ni la mwenye viatu vyeupe na la tajiri na la yule aliyekaa mlimani akitubonyezea. Nilikuwa na majibu mengi na yote ninayo mpaka leo. Alishaondoka.

Sasa kila Alhamisi nakwenda njia panda na baiskeli. Si ya kupanda; ni ya kusukuma, tunafunga mzigo nyuma na juu mpaka haionekani. Tunasimama kando ya lami, wale tuliobaki, tunapokea katoni dereva akiwa hajazima injini. Hanitazami. Nasikia alipunguziwa safari kwa ajili ya yale ya darajani.

Mtalaka wangu naye huja. Kibanda kimerudi kuwa cha simu, kwa hiyo anachukua kidogo, viberiti na betri, na baiskeli yake ni nyepesi. Hatusalimiani. Alhamisi moja ya mvua nilikuwa nasukuma magunia mawili ya chumvi kwenye kile kilima cha kabla ya nyumba za kwanza, na gurudumu likaanza kunirudisha nyuma. Nilikaza miguu, ikateleza. Ghafla mzigo ukawa mwepesi. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani, maana nilimsikia anavyohema, na nilikaa na pumzi ile miaka mingi.

"Usiguse," nikamwambia.

Aliendelea kusukuma.

"Nimesema usiguse mzigo wangu."

"Kaza usukani," akasema.

Nikakaza usukani. Chumvi ilikuwa nzito, mvua ilikuwa inaongezeka, na sikumfukuza.